Petroli Uliipa Haki Yake

Mtalaka wangu,

Barua hii siitii katika bahasha. Kwanza sijui uliko. Wengine wanasema Tanga, wengine Mombasa, na wote wanakubaliana kwamba gari umeliuza. Pili, wewe hukunipa talaka yangu katika bahasha. Uliitoa barazani, pale penye pampu za petroli Wete, mbele ya wanaume wenye vikombe vya kahawa mikononi, na mimi mwenyewe niko nyumbani nachambua mchele wako wa usiku. Basi na mimi nayasema yangu wazi, asomaye na asome. Namshukuru baba aliyenipeleka skuli watu wakimcheka.

Nianze na mazuri, usije ukasema nimeyasahau. Nakumbuka ulivyokuja kunichukua Ole siku ya harusi, katika gari lako dogo jeusi ulilolinunua kwa afisa mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Barabara ilipita chini ya nyumba ya baba, na kilima kile kilianza papo hapo. Gari likapanda linagonga, ko-ko-ko, kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko. Nilikusikia ukinong'ona, "Vumilia mama, vumilia," nikadhani unaniambia mimi. Wanawake walizidisha vigelegele mpaka kugonga huko hakukusikika tena. Baadaye nilijua kuwa ulikuwa ukizungumza na injini.

Lakini nilikupenda hivyo hivyo. Nilizipenda hata kanzu zako zilizonuka petroli, nikizifua na kuzianika na harufu haitoki. Ulikuwa ukinidondoshea kiganjani tone moja la Tausi, petroli yako, tukilitazama linavyokauka, na wewe unasema, "Umeona? Tausi hachafui. Haachi doa." Kisha unalifungua gari, unazitoa plagi, unaziweka juu ya meza niliyokwisha kuipangusa. Plagi ikiwa ya hudhurungi kama biskuti, ulifurahi na siku hiyo ulikula vizuri. Ikiwa nyeusi ya masizi, ulinyamaza na chakula kikapoa. Mimi nilijifunza kuzitazama plagi kabla ya kukupakulia.

Wete wakati ule ilikuwa na pampu mbili za mkono, zimeelekeana njia moja. Moja ilikuwa ya Tausi, ndege amechorwa amekunjua mkia, na hiyo ndiyo uliyoikuta ukaishikilia. Ya pili, Kimondo, ilikuja baadaye, nyekundu, ina nyota yenye mkia wa moto. Mwenye duka la Kimondo alikuwa akiwaambia watu kwamba petroli yake ina oktani nyingi. Neno lenyewe hamkulijua. Wako waliodhani oktani ni dawa inayotiwa ndani, wako waliosema ni aina ya samli ya mashine. Salimu rafiki yako, aliyekuwa na gari kama lako na akitia Kimondo, ndiye aliyejaribu kukueleza kwamba oktani ikiwa nyingi injini haigongi ikibebeshwa kilima. Wewe ukamjibu maneno ambayo mji mzima uliyarudia kwa wiki nzima: "Oktani na shetani ni ndugu. Kimondo ni cha kuwapigia mashetani, si cha kulitia gari la Muislamu."

Watu walicheka, na mimi nilicheka uliponihadithia. Siku zile za siasa kila kitu kilikuwa na pande mbili. Duka lilikuwa na upande, ngoma ilikuwa na upande, hata maiti alikuwa na wa kumzika na wa kutomzika. Petroli nayo ikapata wafuasi. Mkawa mnakaa barazani kutoka laasiri mpaka magharibi mnashindana ipi inawaka asubuhi kwa mpigo mmoja, ipi ina moshi, ipi inafika Chake bado imo tangini. Nilikuwa nikikuambia, kwa upole, kwamba Tausi inagonga kila tukipanda kwa baba. Ukaniambia sina sikio la gari, hiyo ni njia mbovu. Nilikuwa na sikio, Hamadi. Nilikuwa nimekaa juu ya hilo gari na kiti kinanitetemesha meno.

Siku yenyewe nimehadithiwa na wengi, na wote wamehadithia sawa. Salimu alikwambia, bila ya ubaya, kwamba gari lako hilo hilo likitiwa Kimondo litapanda kilima cha Ole kwa gia ya mwisho, bila ya kupunguza, bila ya kugonga. Ukacheka. Akakwambia tujaribu. Angeishia hapo mtu mwingine. Wewe ulisimama, ukaweka kikombe chini, ukasema, "Gari langu likipanda kilima kile kwa petroli hiyo na gia ya mwisho, mke wangu ana talaka tatu."

Tatu. Nimekaa na neno hilo nikaligeuza kila upande. Hata ungekuwa umeshikwa na hasira, moja ingetosha. Moja ungeirejea kesho yake kwa neno moja tu, tukacheka, mambo yakaisha. Lakini moja ilikuwa haitoshi kwa wenye kahawa. Uliwaona wanakutazama ukaona haya kuapa kidogo.

Wakakwambia rudisha maneno. Mzee mmoja alikusihi kwa jina la marehemu mama yako. Ukasema huna wasiwasi, unaijua Kimondo ni maji yaliyotiwa rangi. Ukalikausha tangi mwenyewe, ukanyonya Tausi kwa mpira mpaka ukaitema, ukalitikisa gari wewe na wenzio ili lisibaki hata tone, asije mtu akasema Tausi ilimsaidia mwenzake. Kisha ukalijaza Kimondo. Ukampa Salimu usukani, kwa kuwa yeye ndiye mwenye petroli hiyo, ukakaa pembeni yake, na mashahidi wawili nyuma.

Baba alikuwa ukumbini kwake. Alisikia gari linakuja, akalijua, akainuka kutazama. Anasema hakupata kuliona likipanda namna ile: halikugonga, halikukohoa, lilikuja laini kama linasukumwa na upepo. Akafurahi. Akakupungia mkono, mkwe wako, akadhani umetengeneza injini. Wewe hukumpungia. Na baba mpaka leo hajausamehe mkono wake. "Mwanangu," aliniambia, "miye n'lipunga. Weye wapewa talaka, na miye napunga."

Lakini hilo silo ninalokuandikia. La talaka nilishalia, na machozi yakaisha kama yanavyoisha yote. Ninalokuandikia alilisema Salimu mwenyewe, alipokuja kwa baba kuomba radhi, akakaa mlangoni akakataa kuingia. Alisema walipokaribia kileleni gari lilikuwa bado lina nguvu, na yeye akaona sasa nyumba ya mtu inabomoka. Akapeleka mkono kwenye gia ili aipunguze. Kupunguza tu, mara moja, hata pasipo haja, kiapo kingekuwa hakikutimia na mimi ningekuwa mkeo. Mashahidi wa nyuma waliuona mkono wake na wakatazama nje dirishani, kwa makusudi, ili wasione. Watu wanne ndani ya gari, na watatu walikuwa wakinitaka nibaki mkeo.

Wewe ndiye uliyemshika mkono.

"Usiiguse," ulisema. "Petroli ipewe haki yake."

Ulidhani litakwama. Najua. Ulitaka likwame wenyewe waone, bila ya hila, asije mtu kesho akasema Kimondo ilidhulumiwa. Wewe ulikuwa mtu wa haki kwa kila kitu kinachomiminwa tangini. Haki ya Kimondo uliilinda kwa mkono wako, na haki yangu ilikuwa chini ya mkono huo huo.

Ukarudi Wete. Nilisikia hodi. Sauti yako, hodi, mlangoni kwako mwenyewe, na wewe tangu tuoane hukupata kupiga hodi, ulikuwa ukiingia ukiita maji ya kunawa. Nikadhani unanitania. Nikajibu, "Karibu mgeni, hatununui petroli." Nimejichukia kwa jibu hilo. Ukasema kutoka nje, bila ya kuchungulia, "Bi Asha, jifunike."

Bi Asha. Ulikuwa ukiniita hivyo siku ile ya posa tu, ulipokuwa bado huna haki ya kuniona. Hapo nikajua kabla hujasema. Nilijifunika, mbele ya mume niliyemkogesha wakati wa homa, na mchele ukabaki ungoni umechambuliwa nusu.

Ulikwenda kwa Shehe, nasikia, ukitafuta upenyo. Ukamwambia pengine chini ya tangi palibaki Tausi kidogo, kwa hiyo haikuwa Kimondo tupu, kwa hiyo kiapo hakikutimia. Shehe akakuuliza nani aliyelikausha tangi. Ukamwambia ni wewe mwenyewe. Akakuuliza uliacha kitu ndani. Ukasema hapana, ulilitikisa. "Basi umefunga mlango mwenyewe," alikwambia, "na ufunguo umeutumbukiza baharini." Hivyo ndivyo uhodari wako wa kupima petroli ulivyonitoa nyumbani, Hamadi. Mtu mzembe angeacha tone.

Kisha ukamtuma shangazi yako, Bi Time, mama wa watu, akaja Ole na kapu la tende. Akaniambia kwa aibu kwamba eda ikiisha yupo mzee mmoja tayari kunioa kisha aniache upesi, nipate kurudi kwako kwa halali. Nilimpa maji ya kunywa, nikamwacha amalize. Nikamwambia, "Bi Time, mwambie miye si tairi la akiba, nikafungwe gari jengine kisha nirejeshwe." Alilia. Nilimsindikiza mpaka njiani na tende zake nikamrudishia.

Labda unajiuliza kwa nini sikukubali. Wanawake wengi wamepita njia hiyo wakarudi kwa waume zao na wakazaa. Nami ningepita, pengine, kwa kuwa nilikuwa bado nakupenda, na hilo naliandika bila ya haya. Nilikuwa nikingoja dalili moja tu kwako. Dalili ilikuja, lakini siyo niliyoingoja.

Eda yangu niliikalia chumba cha mbele kwa baba, kile chenye dirisha la njiani. Gari lako lilikuwa likipita, Wete kwenda Chake, Chake kurudi Wete, na mimi nililijua kabla halijafika kwenye kona. Mara za mwanzo liligonga. Ko-ko-ko, kile kilima, na moyo wangu nao. Nikasema, ameirudia Tausi yake, angalau kitu kile kilichoniondoa hataki kukigusa. Nilikuwa nikilia na ninafarijika, mpumbavu mimi.

Siku moja lilipanda halikugonga.

Nikasema nimesikia vibaya. Jioni likarudi, na kesho yake likapita tena, laini, gia ya mwisho, chini ya dirisha langu. Nikamwuliza baba. Akatazama chini, akasema watu wanasema sasa unatia Kimondo, umekubali ni petroli nzuri, na barazani unawaambia wengine wahamie huko. Eda yangu ilikuwa haijaisha.

Basi ndivyo. Ulishindwa, ukakubali kushindwa, ukachukua faida yake. Ulipata injini isiyogonga. Mimi nililipata dirisha.

Nakuaga sasa. Sikutakii mabaya, nimechoka kutaka chochote kwako. Siku ile barazani ulikuwa na vitu viwili vya kuwekea kiapo. Ungeweza kusema, likipanda nitalichoma moto gari hili. Hukusema, kwa kuwa gari ulihofu kulipoteza. Huko uliko ukinunua jingine, tia petroli uitakayo. Na watu wakikukasirisha, ukaona lazima uweke kitu rehani, weka gari.

Mimi, mtalaka wako,
wa kilimani Ole