Harusi ya Mnarani Haijesha

Shoga yangu Zuhura,

Mwandiko wangu waujua, hukuwahi kuusoma bila kucheka, basi cheka hukohuko uliko. Nina umbea wa kukupa na nina balaa nimelifanya, na yote mawili ni kitu kimoja.

Jumamosi alasiri kwenye tivii walitoa kipindi cha kukumbuka miaka yote ya mchezo wetu, Dirisha la Pili. Tulijaa kwa mamako, maana tangu ututoke mimi ndiye ninayeshinda naye. Bi Rukia wa nyumba ya pili alikuja na kiti chake, Dama wa mboga akaacha mchicha wake mlangoni. Vikaanza kupita vipande vya zamani, kila mtu akatoa lake. Bi Rukia alimwona Kasimu wa ujanani, akaapa ati angeolewa naye yeye, lile tumbo la sasa lisingekuwepo. Dama akalia kifo cha Bi Salha upya, na mara ya kwanza si alikosa sokoni siku mbili kwa msiba wa tivii? Mimi nilikuwa na kelele kuliko wote, wanijua.

Mara ikaja harusi ya Mnarani.

Wakumbuka? Watu wa kamera wa mchezo huo walitafuta wanawake wa kupiga vigelegele, tukaenda sote na leso mpya. Wewe wakakuchukua. Mimi wakanitoa, wakasema nikiambiwa kimya sinyamazi. Halafu siku yenyewe ya kuonyeshwa stima zikapotea mtaa mzima. Ukakaa mbele ya kioo cheusi cha tivii, ukasema, "Haidhuru, nitajiona siku nyengine."

Hukujiona, Zuhura. Presha haikukungoja.

Basi Jumamosi ulipita. Una sinia mkononi, leso ya rangi ya chungwa, lile jino lako la pembeni laonekana. Ukapiga kigelegele chako kile kirefu, ambacho mpaka leo sijasikia mwengine akakiweza. Mamako macho hayaoni vizuri, lakini aliinua kichwa. Na kwetu kigelegele hakiachwi peke yake, lazima kijibiwe. Akakijibu. Kwa kifua kile kilichokauka, akajibu mpaka Bi Rukia akasimama. Sote tukajibu, huku twalia. Majirani wakaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Mamako akanigeukia, akasema, "Mwambie Zuhura aingie, asisimame nje na sinia."

Na mimi, wallahi, nilikuwa nimelewa furaha. Nikamwambia, "Atakuja, Mama. Amalize harusi kwanza." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Yeye hakucheka.

Kichwa chake wakijua kilivyo siku hizi. Ilituchukua miezi kumfikisha mahali akajua kuwa umekufa. Tulisoma khitma, tukampeleka Ganda kwenye kaburi lako, akaushika mchanga mwenyewe, ndipo akaacha kukuuliza. Nami nikaja nikavunja yote kwa neno moja la kuchekesha watu.

Tangu siku hiyo hali chakula. Nikimwekea mbaazi na mahamri huniambia nilete sahani ya pili, yako, kisha hukaa na kungoja. "Harusi haijesha?" Jumapili nikasema bado. Jumatatu nikasema bado. Uji ameutema. Mkono wake nimeushika, Zuhura, ni mfupa tu. Naogopa nitakuletea mamako kwa mdomo wangu.

Bi Rukia anishauri niseme umekwenda Arabuni kufanya kazi. Dama yeye akasema mmoja wetu ajifanye wewe, mama apate kula. Hilo nililijaribu, usinikasirikie. Jana nilivaa ile leso yako, nikasimama nyuma ya mlango, nikafungua mdomo nipige kigelegele. Hakikutoka. Mimi wa kufukuzwa kwa kelele, nikakaa chini palepale na leso yako usoni.

Leo mchana nikamwambia. Nilimshika magoti, nikamwambia, "Mama, Zuhura alikufa. Tulimzika Ganda. Mimi nilikudanganya."

Akauliza, "Kwani nani aliyepiga kigelegele?"

"Ni yeye, Mama. Ni cha zamani."

"Alikuwa amefurahi?"

Nikamwambia alifurahi. Akalia, kilio cha mtu aliyeambiwa leo, nami nikalia naye, maana ni mimi niliyemfisha mwanawe mara ya pili. Halafu akaivuta sahani yako, akala mbaazi matonge matatu, akanipa mimi yake. Nikasema alhamdulillahi.

Alasiri haijaingia, akaniangalia. "Harusi haijesha?"

Sijui nitafanyaje, shoga. Sijui. Nikimwambia kweli namuua kidogo, nikimdanganya namuua kwa njaa. Lakini nakuahidi hivi: kesho nitamwambia, na kesho kutwa, na kila akiuliza, taratibu, wala sitamchekesha mtu kwa jina lako tena mbele yake. Na kila mchana nitakaa mahali pako. Ile sahani yako haitakaa tupu wala haitangoja mtu, nitakula mimi naye mpaka siku atakayotaka Mola.

Haya, lala salama, Zuhura. Kile kigelegele changu bado kimenikwama kooni. Siku nikija huko nitakipiga nikiwa bado njiani, nawe usiniache peke yangu. Nijibu.

Mwenzio,
Mwanasha