Uduvi Ndani ya Jiwe

Jumatatu, 3 Machi
Mawe kumi na manne leo. Nagonga ubavuni kwa patasi mpaka jiwe lipasuke bapa, kisha nalilowesha. Likilowa, kilichomo huonekana. Kumi na matatu ni matupu. Moja lina uduvi mzima, mkia na miguu, mdogo kuliko ukucha wangu. Bwana Mushi, mtaalamu wa miamba ninayemfanyia kazi, nusura amwage chai. Anasema jamii yake yote ilikwisha duniani zamani sana, imebaki kwenye mawe tu. Nilifurahi. Nilijisahau.

Jumanne, 4 Machi
Lori la msako limepita Ujiji. Wakimbizi waliokutwa mjini wamepelekwa kambini. Mama mwenye nyumba alitufungia chumbani, mimi na binti yangu Odeta. Ni huyo mama peke yake anayejua tumetoka Burundi. Kazini mimi ni Muha wa Kalinzi, kijiji cha kahawa huko milimani. Kiha na Kirundi ni ndugu, na kahawa naijua tangu shambani kwa baba. Nikikamatwa, Odeta anaacha shule. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa limekuja likicheka. Bwana Mushi anataka karatasi ya kusajili uduvi iandikwe jina langu, mimi niliyeupata, na kijiji changu. Nikamwambia aandike lake. Akasema nina haya za bure. Jumamosi anapanda Kalinzi kwa pikipiki kuwapelekea wazazi wangu sukari na habari. Kwao Moshi, anasema, mtoto akisifiwa wazazi huambiwa kwanza. Nikainamia jiwe langu, nikaendelea kugonga. Wazazi wangu niliwazika Burundi. Njia ya mwongo ni fupi.

Jumamosi, 8 Machi
Ameondoka saa mbili asubuhi. Nimefunga nguo. Nimezifungua. Twende wapi? Kila pikipiki ikipita, nachungulia dirishani. Sijala. Odeta kaomba nimsuke, nimemgombeza bure. Najichukia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda kazini. Kutokwenda kungekuwa kukiri. Nikamwamkia Bwana Mushi, akaitikia bila kunitazama usoni.

"Kalinzi nilifika, Mama Odeta," akasema. "Wazee wako hawajambo. Sukari wameipokea, wanakusalimu sana."

Karatasi ilikuwa mezani, imeshajazwa. Jina langu. Mzaliwa wa Kalinzi. Chini yake sahihi yake na muhuri.

Nikasema asante. Nikaketi, nikashika patasi. Jiwe la kwanza nimelivunja vibaya.  Bwana Mushi akanisogezea jingine.