Pilipili Nilizowaachia Ndege

Mwajuma, mke mwenzangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi huku Kinole hatujambo. Babu yako goti linamsumbua, mdomo hapana.

Umeuliza kwa nini nawagombeza wenzio wanaofukuza ndege kwenye pilipili zangu.

Wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, mnunuzi mmoja alipanda huku mlimani na mbegu za pilipili ndefu. Akataka tung'oe pilipili kichaa zote, zisichanganyike na zake. Mama yangu alikataa. Siku aliyokwenda gulioni Mkuyuni, niliung'oa mpilipili wake wa mlangoni pa jiko, wa mbegu aliyopewa na bibi yake. Aliporudi alilitazama lile shimo, akaomba maji ya kunywa. Basi.

Mnunuzi alichukua mavuno ya kwanza, hatukumwona tena. Mwaka uliofuata mama akaugua, chakula kikamshinda. Akatamani mchuzi wenye pilipili yake. Nilipita nyumba kwa nyumba. Wote walikuwa wameng'oa. Nikampelekea ile ndefu. Akaonja, akasukuma bakuli.

"Hii ni rangi tu, mwanangu."

Hakuomba kitu tena.

Arobaini yake ilipopita, nilikwenda kupalilia kaburi. Pembeni, chini ya mti wanapotua ndege, palikuwa na mche wa pilipili kichaa. Hawa hula, wakaangusha mbegu waendako.

Waache wale, Mwajuma. Mbegu ya mama waliitunza wao. Mimi mwanawe niliing'oa.

Bibi yako