Nyuma ya Pipa la Buluu

Jumamosi. Baridi ya asubuhi, halafu vumbi. Malori ya mgodi wa Mutoshi yamepita tangu alfajiri, na liputa, kitenge niliyoanika, imekuwa nyekundu kabla haijakauka.

Leo naona haya. Nilitaka nisiandike kwenye ukurasa huu.

Jirani yangu Mama Filomena anatengeneza divai ya masuku nyuma ya nyumba yake. Matunda yanaokotwa porini wakati wa mvua, divai inakaa kwenye mapipa, na baridi ikifika njo anajaza chupa. Safari hii divai ni ya ndoa ya binti yake kule Kasaji. Mama wa bibi harusi hafiki kwa bakwe mikono mitupu.

Aliniomba nimsaidie. Yeye ni Mkatoliki, pombe kwao si neno. Kanisa letu hatunywi, hatuuzi, hatushiki, na mi ni kiongozi wa kina mama. Lakini bwana yangu alipolala hospitali, nani alileta bukari, ugali wa moto, kila siku? Nikaenda. Nilipitia uani, kweli, nisionekane.

Kazi ni hivi: pipa linawekwa juu ya meza, unatia tiyo, ule mpira mrefu, ndani, unavuta kwa mdomo mpaka divai ije, halafu inashuka yenyewe kwenye chupa. Mi nilikataa kuvuta. Filomena akacheka mpaka akashika kiuno.

"Vuta, mama! Mungu haangalie tiyo, anaangalia roho!"

Nikavuta. Ikaingia mdomoni, nikatema. Ilikuwa tamu, nisidanganye.

Tulifanya kazi vizuri, yeye anapiga bushoni kuziba chupa, mi ninajaza, tunaimba kila mtu wimbo wa kanisa lake. Basi nikasikia sauti kwenye mlango wa barabara.

"Odi! Mama Filomena!"

Mama Diakoni wetu, na wawili wa kwaya.

Sikufikiri. Niliachilia tiyo, nikajitupa nyuma ya pipa la buluu lililosimama chini karibu na meza, magoti ndani ya matope ya maji tuliyooshea chupa. Filomena alinitazama mara moja tu, akakimbia kuwazuia mlangoni.

"Harufu ya pombe inafika mpaka ku barabara, mama! Mama Rozali hayuko hapa? Batu bamemuona huku." Ni Mama Diakoni, ananitafuta mimi.

"Rozali? Alinisalimia tu, akapita. Mama Diakoni, bwana yako alipona?"

Akawauliza habari za watoto, za mihogo, za baridi. Na mimi nasikia divai inamwagika. Tiyo ilikuwa chini, mbele ya pipa, inatoa tu. Na yeye pia alisikia, mlango hauko mbali. Hakugeuka. Angegeuka, wangeingia.

Ningeweza kufunga tiyo kwa kidole. Kidole kimoja. Lakini mkono wangu ungeonekana.

Sikuutoa.

Walipoondoka, nusu ya pipa la mezani ilikuwa imekwenda. Masuku yameisha mpaka mvua ijayo, huwezi kutengeneza ingine. Filomena aliokota tiyo, akaifunga, akatazama matope.

"Udongo nao ulikuwa na kiu," akasema. "Toka, mama, magoti itakuuma."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala.

Petro angalau alikana kwa mdomo wake mwenyewe. Mi hata uongo nilimwachia mwenzangu, asiyekuwa na kosa.

Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa ndimu, vidole bado vinanuka masuku. Kesho ni Jumapili, na sala ya toba ni zamu yangu kuiongoza. Niiongoze na vidole hivi?

Mama Diakoni, najua unasoma ukurasa huu, binti yako anakuonyeshaka kwenye telefone. Uliuliza kama niko pale. Nilikuwa pale, nyuma ya pipa la buluu, na nilikusikia vizuri.

Jumatatu tunajaza ile iliyobaki. Nitapita mlango wa barabara.