Flashi nyeusi ya mama

Shoga, usinipigie. Mama yuko sebuleni, atanisikia nalia.

Nimefuta sauti za baba. Zote.

Si unajua nasomea ule mtihani wa ufundi wa kompyuta, wa Linux? Leo nilikuwa kwenye zoezi la kufomati, kufuta flashi yote ianze upya. Nikachomeka flashi nyeusi, nikijua ni yangu ya mazoezi. Kompyuta ikaniuliza kabisa: hii ina vitu ndani, tuendelee? Nikabonyeza ndiyo. Shoga, iliniuliza! Na mimi, fundi mzima, nikabonyeza ndiyo!

Kumbe ni ya mama. Zile sauti baba alizokuwa akimtumia akiwa safarini, "mama watoto, mmekula?" Tangu tumzike, mama hapigi pasi bila kuichomeka redioni azisikilize.

Nimejaribu kila ujanja. Wapi!

Nikajikaza, nikaenda kumwambia. Nilijua atanifokea. Laiti angenifokea. Aliweka pasi chini, akaniuliza taratibu, "Lakini si utamrudisha, mwanangu? Si ndicho unachosomea?"

Shoga, nilisema nini? Nikasema, "Ngoja nijaribu, mama." Mdomo huu!

Jibu lenyewe liko kitabuni, nimelikariri hadi naliota: ukifuta kwa bahati mbaya, rudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Nakala ndiyo ilikuwa hiyo flashi. Simu yake yenyewe ilikufa zamani; kabla haijafa nilizihamishia humo kwa mkono wangu.

Sasa hivi mama amezima redio, eti nisisumbuke. Nyumba kimya. Anasubiri.