Chachu Yako Imefika Mugumu

Mama Bhoke,

Umeolewa na mtu mwenye bahati! Ile chupa ya chachu uliyonipa nimletee mdogo wako Wankyo imefika Mugumu salama, jua halijaigusa.

Jana nilipofika tu, Wankyo akakanda unga wa kujaribia, maana kesho anafungua banda lake la maandazi sokoni. Unga ukalala tu. Machozi yakamlenga.

Jirani yake, mwalimu wa baiolojia, akaishika chupa, bado ya moto. “Hii imeanikwa juani, vinasaba vimejeruhiwa. Lakini haijafa yote. Chachu ikinakili vinasaba vyake ili izaliane, ikikuta palipoharibika inaruka, inaendelea, halafu inarudi kupaziba. Ipeni muda.”

“Jua lipi, mwalimu?” nikamkaripia.

Hata mimi mtihani wa darasa la saba niliufanya hivyohivyo, swali gumu naruka. Ila chachu hukumbuka kurudi.

Jioni unga uliumuka mpaka ukasukuma kifuniko. Wankyo akacheka: “Shemeji, onja andazi la kwanza!” Nikaonja manne. Laiti ungekuwepo, la tano lingekuwa lako.

Mama Bhoke, ile bahati ni uongo. Niliisahau chupa juani pale stendi, nikila nyama choma.

Baba Bhoke