Siyo Dhambi ya Benitha

Nyakasimbi, Jumapili

Mdogo wangu Benitha,

Hujambo huko Bukoba? Huku kahawa imeanza kuiva. Mama bado anawasifia senene uliomtumia, ingawa hawezi tena kutafuna. Mimi ninayemgeuza na kumwogesha, hanisifii.

Juzi alinishika mkono. "Xaveria, wewe ni nesi. Ninyweshe chupa yote ya mofini, nipumzike."

Nilikataa. Nikamwuliza kwa nini hakukuomba wewe ulipokuja.

"Benitha? Siwezi kumbebesha mwanangu dhambi kama hiyo."

Na mimi ni mtoto wa nani?

Nampa kipimo chake tu cha kutuliza maumivu, kila baada ya saa nne. Chupa nimeifungia sandukuni.

Njoo, akuombe na wewe. Umkatalie, walau mara moja.

Ni mimi dada yako,
Xaveria